Silikoni kwenye nywele: maswali ninayoulizwa kila wiki saluni, Mwanjelwa

Mimi ni msusi hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa kumi na moja sasa. Zamani mteja akiingia aliuliza bei na foleni. Siku hizi anaingia na chupa mkononi, anaigeuza upande wa nyuma, ananiuliza: "Dada, hii ina silikoni?" Ameona video, kaingiwa na hofu. Mwingine kaambiwa na shoga yake kwamba ni plastiki inayoziba nywele zisipumue. Jibu nimelirudia mara nyingi mikono ikiwa na povu, nikaona niyaandike yote mahali pamoja. Msimamo wangu mnaujua wateja wangu: silikoni ni koti. Koti linakukinga, halikulishi, na likichafuka linafuliwa.

Silikoni ni kitu gani hasa?

Inatengenezwa kiwandani, na asili yake ni silika, ambayo ndiyo imejaa kwenye mchanga. Wataalamu wa kemia wanaichakata, wanatoa elementi iliyomo iitwayo silicon, wanaiunganisha na oksijeni na kaboni, wanapata minyororo mirefu inayoteleza. Ikiwa minyororo ni mifupi unapata kimiminika chepesi kinachoruka hewani. Ikirefuka unapata kitu kizito kama asali. Jina lenyewe lilianzishwa na mkemia Mwingereza, Frederic Kipping, mwanzoni mwa karne ya 20, ila yeye hakuwa na habari na nywele za mtu.

Kwenye nywele ilipata umaarufu mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Procter & Gamble wa Marekani walipofanikiwa kuweka shampuu na kondishena kwenye chupa moja. Siri ilikuwa silikoni. Matone yake madogo yanaelea ndani ya shampuu, povu linaondoka na uchafu, na maji ya kusuuza yakipita matone yanabaki yameshika kwenye unywele.

Nitaitambuaje kwenye chupa?

Soma nyuma, kwenye yale maandishi madogo. Majina yanayoishia na -cone, -conol au -siloxane ndiyo yenyewe. Inayoonekana kuliko zote ni Dimethicone. Utakutana pia na Amodimethicone, Dimethiconol na Cyclopentasiloxane. Orodha inaanza na kilicho kingi na kushuka kwenda kichache, kwa hiyo Dimethicone ikiwa ya pili kwenye seramu, yale matone ya kung'arisha nywele, ujue imo kwa wingi. Ikiwa mkiani kabisa, karibu na manukato, ni kidogo tu.

Ukiona neno PEG mbele ya jina, mfano PEG-12 Dimethicone, hiyo imetengenezwa iyeyuke au ichanganyike na maji. Hiyo haina ugomvi na mtu, inaondoka kwa urahisi.

Kuna njia ya mkononi ninayoipenda zaidi. Dondosha seramu kidogo nyuma ya kiganja, sambaza, halafu nyunyizia maji. Maji yakijikunja kuwa vitone na kukimbia, na ngozi ikabaki laini kama hariri bila kunata, hapo kuna silikoni ya kutosha. Mafuta ya kawaida nayo yanakimbiza maji, ila yanaacha uzito na vidole vinanata.

Faida yake ni nini? Kwa nini wanaiweka kila mahali?

Unywele una magamba madogo yamelaliana, kama magamba ya mbasa wa Kyela. Unywele mzima, magamba yamelala. Ukishawekwa dawa, ukachomwa na pasi, ukapigwa na jua, yanainuka, na mengine yanang'oka kabisa. Sasa pitisha kitana: gamba la huyu linakwaruza gamba la yule, nywele zinashikana, unavuta, zinakatika. Silikoni inaweka utando mwembamba sana juu ya magamba hayo. Kitana kinateleza. Mwanga unaoupiga unywele unarudi kwa pamoja badala ya kutawanyika, ndiyo ule mng'ao unaouona.

Kwa nywele zetu za kipilipili hili la kuteleza lina uzito kuliko mng'ao. Kila kona ya unywele uliojikunja ni mahali pa kukatikia. Mtoto anayelia akichanuliwa Jumapili jioni anajiandaa na shule, ukimtia kondishena yenye silikoni, ukaanza na ncha kuelekea juu, analia nusu ya alivyokuwa akilia. Nimeliona hilo mara nyingi mno, sihitaji wa kunithibitishia.

Amodimethicone ina akili zaidi kidogo. Unywele ulioharibika unakuwa na chaji hasi kwenye sehemu zilizoumia, na silikoni hii ina chaji chanya, kwa hiyo inakwenda kushika pale palipoharibika kuliko palipo pazima. Kwa mtu mwenye nywele za dawa au zilizopigwa blichi, hiyo ndiyo ninayomtafutia.

Ni kweli inaziba nywele zisipumue?

Hapana. Unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai, haupumui. Ungekuwa unapumua ungeumia ukikatwa. Kilicho hai ni mzizi ulioko ndani ya ngozi, na huo unaletewa hewa na chakula na damu.

Basi mbona nikitumia nywele zinakuwa kavu na nzito?

Hapa ndipo penye kesi. Wale wanaoisema vibaya silikoni hawakuota, kuna kitu walikiona.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka Uyole, nywele za asili ndefu, nzuri kwa macho. Ukizishika ni ngumu kama kamba. Ananiambia, "Mwanangu, kila siku napaka mafuta ya kulainisha na bado zinakauka." Nikamwinamisha kwenye beseni. Maji yalimwagika juu ya nywele yakateleza yakaenda zake, kama kwenye jani la gimbi. Nilimwagia jagi zima na katikati kulikuwa kukavu. Tulipozungumza nikagundua alikuwa ameacha shampuu tangu aliposikia shampuu inakausha. Anaosha kwa kondishena peke yake, na juu ya hapo seramu asubuhi na jioni. Utando juu ya utando, miezi mitano.

Silikoni nzito haiyeyuki kwenye maji. Kondishena peke yake haiitoi, inaongeza. Utando ukinenepa, maji yanashindwa kuingia kwenye unywele kama inavyotakiwa, vumbi linanasa juu yake, nywele zinakuwa nzito, mng'ao unafifia. Mtu anadhani ni ukavu, anapaka tena. Yule mama nilimwosha kwa shampuu mara tatu. Mara ya kwanza hakukuwa na povu kabisa. Ya pili povu likaja kijivu. Ya tatu likaja jeupe, na nywele zikaanza kujikunja tena kama zilivyoumbwa. Alijiangalia kwenye kioo akacheka, akasema zimefupika. Hazikufupika, zilikuwa zimelemewa.

Kwa hiyo niosheje?

Shampuu ya kawaida yenye povu inatosha. Zenye Sodium Laureth Sulfate zinaondoa kabisa, na zile laini zenye Cocamidopropyl Betaine nazo zinaondoa silikoni nyingi, ila uwe na subira. Mwenye nywele za kipilipili akiosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili yuko salama. Sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, kucha hapana, na acha povu lishuke lenyewe kwenye ncha. Halafu kondishena. Usiache shampuu kavukavu bila kitu juu, utanichukia.

Magadi na sabuni ya kufulia, tafadhali, hapana. Hata vikitoa silikoni, vinakwenda na kila kitu kingine.

Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, nani ataosha nywele kila wiki?

Swali la haki. Tuko kwenye miinuko ya karibu mita 1,700, asubuhi ya Julai unatoa moshi mdomoni, na upepo wa kiangazi unakuja na vumbi. Huo ndio msimu ambao koti lina kazi kweli: hewa kavu inanyonya unyevu, kofia ya sufu inasugua nywele siku nzima, abiria wa bodaboda anavaa helmeti juu ya nywele zilizoachwa wazi. Silikoni inapunguza msuguano huo wote.

Lakini ni msimu huohuo watu wanaogopa maji. Anasuka twende kilioni mwezi wa sita, anakaa nazo wiki nane, kila asubuhi anapiga spreyi ya kung'arisha. Akifumua, kwenye mizizi kuna utando mweupe umechanganyika na vumbi, kama unga wa muhogo uliolowa. Wateja wa aina hii nawashauri hivi: chemsha maji yapoe yawe vuguvugu, changanya shampuu kidogo kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari ya ngozi, suuza, kaa karibu na draya au uoshe saa sita mchana jua likiwa limewaka. Nusu saa tu. Na spreyi mara mbili kwa wiki inatosha, si kila asubuhi kama mswaki.

Wa Kyela wao joto linawasumbua, jasho linawalazimisha kuosha. Kwao silikoni hairundikani sana.

Nipake kabla ya kusuka, kuweka dawa au rangi?

Usipake. Hili nimejifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilimpaka bibi harusi mtarajiwa seramu kwa ukarimu, nikaanza kumsuka rasta. Kila nikishika kichwa cha rasta kinateleza. Nilitumia saa saba kwa kazi ya saa nne, na kabla ya wiki mbili kwisha, zile za mbele zilikuwa zimeshashuka. Nilimrudia bure.

Kwenye dawa na rangi ni hatari zaidi kwa sababu utando uliorundikana unafanya dawa ishike huku na kuacha kule. Nywele zikiwa na tabaka la miezi, zioshe siku chache kabla. Usizioshe siku hiyohiyo ya dawa, ngozi ikiwa imesuguliwa dawa inachoma. Seramu subiri mpaka mwisho, kazi ikishaisha.

Inazuia moto wa pasi?

Inapunguza, haizuii. Utando unafanya joto liingie taratibu na pasi iteleze bila kung'ang'ania. Kwenye chupa wanaandika kinga kwa herufi kubwa, msomaji anaelewa ni ngao. Pasi ya digrii 230 itachoma nywele zenye seramu na zisizo na seramu, tofauti ni muda tu.

Na nywele ziwe zimekauka kabisa. Pasi kwenye nywele mbichi inachemsha maji yaliyo ndani ya unywele, mvuke unatafuta pa kutokea, unywele unatoboka ndani kwa ndani. Ukisikia tssss na kuona moshi, acha.

Wigi langu la nywele za binadamu lilikuwa laini, nimeosha mara tatu limekuwa katani. Nimeibiwa?

Pengine, au ulinunua koti ukadhani ni mwili. Nywele nyingi za namna hiyo kiwandani zinapitishwa kwenye dawa kali inayotoa magamba ili zisishikane, kisha zinapakwa silikoni nzito zing'ae. Dukani zinateleza kama samaki. Ukiosha, silikoni inaondoka na unabaki na unywele usio na magamba, mkavu, unaojifunga mafundo. Hapo ndipo silikoni inakuwa na kazi ya haki: kila ukiosha, weka kondishena yenye Amodimethicone au Dimethicone na matone mawili ya seramu kwenye ncha. Litarudi rudi. Likiwa jipya na linang'aa kupita kiasi kama plastiki, punguza bei kabla hujatoa hela.

Nina mimba, au nanyonyesha. Ni salama?

Dimethikoni ina molekuli kubwa, haipenyi ngozi kwenda kwenye damu. Jambo linalowashangaza wateja wangu ni kwamba ndugu yake yupo duka la dawa: simethikoni, ile ya kutoa gesi tumboni, inayopewa hadi vichanga wenye msokoto, imetokana na dimethikoni. Inapita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Na Uingereza kuna dawa ya chawa ambayo ni dimethikoni: inamfunika chawa na kumuua bila sumu. Mjamzito anayeuliza mimi namwelekeza awe na wasiwasi na dawa ya kulainisha nywele na harufu zake kabla ya seramu.

Inaleta mba? Inanyonyoa nywele za mbele?

Mba unahusiana na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na jinsi kichwa chako kinavyowapokea. Silikoni haiwaleti. Ila watu wengi wanaita mba kile ambacho ni mabaki ya bidhaa, ule unga unaodondoka begani kwenye koti jeusi. Osha vizuri mara mbili. Ukiisha, haukuwa mba. Ukirudi na kuwasha, nenda famasi ukaulize shampuu ya ketokonazo, au zahanati.

Nywele za mbele kupungua mara nyingi ni kubanwa. Mnaniambia "dada kaza", na mimi nakataa, mnaenda kwa mwingine anakaza. Seramu haina kesi hapo.

Nasikia Ulaya wamepiga marufuku.

Wamebana baadhi, na sababu ni mazingira zaidi kuliko kichwa chako. Kuna silikoni za duara, zinaitwa kwa kifupi D4, D5 na D6. Cyclopentasiloxane niliyoitaja juu ndiyo D5. Ni nyepesi, zinaruka hewani, lakini zinazokwenda na maji zinachukua muda mrefu sana kuoza na zinaweza kujilimbikiza kwenye viumbe. Tangu mwanzoni mwa 2020, Umoja wa Ulaya umezuia D4 na D5 zisizidi asilimia 0.1 kwenye bidhaa za kuosha na kusuuza. Mwaka 2024 wakapitisha sheria ya kuongeza D6 na bidhaa za kuacha kichwani, wakawapa watengenezaji miaka ya kujipanga. D4 ndiyo iliyoshukiwa pia kuathiri uzazi. Dimethikoni ya kawaida haimo kwenye katazo hilo.

Kwa hiyo ukiona mtu anasema "silikoni zote zimepigwa marufuku Ulaya", amesoma kichwa cha habari.

Nikiacha silikoni, nitumie nini? Parachichi si tunalo?

Tunalo, Rungwe na Njombe wanasafirisha hadi nje. Mafuta yake ni mazuri, na ya nazi yana sifa ya ziada: yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Silikoni haipenyi, inabaki juu. Ni kazi mbili tofauti. Mafuta yanachacha, silikoni haichachi. Mafuta ukipaka mengi vumbi linashika zaidi. Parachichi lenyewe la kusaga kichwani silipingi, ila usipolichuja utatoa vipande kwenye kipilipili hadi Alhamisi, na mimi ndiye nitakayevitoa.

Mimi nachanganya. Mafuta usiku wa kuamkia kuosha, silikoni kidogo baada ya kuosha. Mtu akiamua hataki kabisa, sawa, nywele zake haziwezi kufa kwa hilo.

Kuna tahadhari yoyote ya nyumbani?

Mbili, na zote nimeziona. Baridi ikizidi tunaweka jiko la mkaa ndani. Spreyi ya kung'arisha ina gesi inayowaka, na baadhi ya silikoni nyepesi nazo zinashika moto. Usipige spreyi karibu na jiko, na kama unachoma ncha za rasta kwa kiberiti, maliza kuchoma, weka kiberiti mbali, ndipo upige spreyi. Na mlango uwe wazi, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari yenyewe hata bila spreyi.

Ya pili ni sakafu. Spreyi inayodondoka kwenye vigae haikauki kama maji, inabaki inateleza siku nzima. Mteja wangu aliondoka amependeza akaanguka mlangoni. Tangu hapo natandika kitenge cha zamani chini ya kiti.

Ninunue ipi?

Sitaji jina, kila mtu kichwa chake. Angalia tarehe ya kuisha, angalia jina na anwani ya mtengenezaji, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo alama yao ina maana. Chupa nyingine zimejazwa upya kwenye kibanda na kubandikwa lebo ya fotokopi. Nilishawahi kuuziwa moja ya hivyo: ilinukia vizuri, na ndani ilikuwa mafuta ya mgando yaliyoyeyushwa. Mabaki yake yalinichukua wiki mbili kuyatoa kwenye kichwa changu mwenyewe.

Na usinunue chupa kubwa. Seramu unatumia matone mawili, matatu kwa nywele ndefu, yakianzia katikati kwenda kwenye ncha.

Imebaki nusu chupa na siitaki tena. Niimwage?

Usiimwage mtaroni. Tone moja kwenye zipu ya jaketi iliyokwama, inapanda na kushuka kama mpya. Mkasi wangu wa kukatia rasta nao unaipenda.